Salamu Nilizomjibia Mama

Mama yangu alikuwa akimjua mtu kwa salamu yake. Nyumba yetu ya Pujini iko kando ya njia, na baraza yake inawatazama watu wanaokwenda mashambani na wanaorudi. Akishamaliza kazi za asubuhi, mama alikaa hapo akisuka ukili. Mpita njia akitoa salamu, mama hakuinua uso. Aliitikia kwanza, kwa ukamilifu wake, bila kupunguza rehema wala baraka, kisha akaanza kuuliza. Mguu wa mjomba wako umepoa? Ndama kapatikana? Mke wa nduguyo kajifungua nini? Hata akiwa ndani anapepeta mchele, salamu ikitolewa nje alijua ni nani huyo, mwana wa nani, na bibi yake alitoka upande gani wa kisiwa. Asiyemjua alimsimamisha. "Mwana wa nani weye?" Na mtu hakuachiwa njia mpaka apatikane kwenye ukoo fulani, hata kama ni mgeni aliyekuja kutazama magofu na hana mtu Pemba nzima.

Nayasema haya mwanzo kwa sababu wanaomwona leo hawaniamini. Wanadhani mama alikuwa hivi tangu zamani, amekaa tu, anatazama mikono yake. Tena nayasema kwa sababu mimi ndiye niliyemnyang'anya hayo, na nilimnyang'anya kwa adabu zote.

Masikio yake yaliondoka polepole. Alianza kumlaumu mtangazaji wa redio. Mama hakuwa akikosa matangazo ya vifo. Ilikuwa ndiyo habari pekee aliyoithamini, maana kila jina lililotajwa alikuwa na la kulisemea. Siku moja akasema, "Huyu siku hizi asoma na tonge kinywani." Mimi nikacheka. Wiki iliyofuata akasema hivyo tena, na mtangazaji alikuwa mwingine. Kisha akawa ananiuliza mimi: kafa nani? Nikimwambia jina, huuliza tena. Nikimwambia mara ya tatu, sauti yangu imeshapanda, na najiona mtovu wa adabu, kwa sababu sisi tumelelewa kuwa mzazi hapaziwi sauti. Basi nikapata njia ya mkato. Nikawa namwambia, "Si kitu, mama. Hakuna tumjuaye."

Maneno hayo, si kitu mama, nimeyasema mara nyingi kuliko nilivyosema jina langu. Na ajabu ni kwamba niliyaona ni upole.

Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi. Nasomesha watoto wadogo, wale ambao bado hawajui kuficha kama hawakusikia. Darasani kwangu, mtoto nikimwona anageuza shingo upande mmoja ninapoongea, au anacheka baada ya wenzake kucheka, namhamisha mbele siku hiyo hiyo na naandika barua kwa wazee wake. Nimeziandika barua nyingi za namna hiyo, na kuna wazee waliokuja kunishukuru. Halafu nikishika njia kurudi nyumbani, namkuta mama anageuza shingo upande mmoja, anacheka baada ya wengine kucheka, na mimi najiambia huo ni uzee.

Jambo lililoniamsha, au tuseme lililonipotosha, ni salamu.

Mama ana shoga yake ambaye walisoma chuo cha Kurani pamoja, wakapigwa bakora na mwalimu mmoja, wakaolewa mwaka mmoja. Nyumba yake iko juu kidogo ya kwetu, upande wa mashamba. Siku tatu mfululizo bibi huyo alipita kwetu akitoa salamu na mama, ambaye alikuwa ameinamia ukili wake, hakuitikia. Siku ya nne nikakutana naye kwenye mfereji wa maji, bomba tunapochota sote. Akaniambia mbele za watu, "Mwalimu, mamako kawa mkubwa. Twampitia, twamsalimu, hatwitikii. Miye n'mkosea nini?"

Asiyeishi kwetu hawezi kujua uzito wa maneno yale. Mtu unaweza kumnyima chumvi, unaweza kumnyima hata maji, akakusamehe. Salamu ni haki yake, ni deni la dini, na asiyeitikia ana dhambi. Mama yangu alikuwa anasemwa mferejini kuwa ana kiburi na ana dhambi.

Dawa ilikuwa sentensi moja. Ningesema, "Mama hasikii vizuri, msogelee umguse bega." Sikusema. Niliogopa jina. Kwetu kasoro ya mtu hugeuka jina kabla mwenyewe hajaijua. Kuna mzee mmoja alianguka mnazi mara moja katika maisha yake, na mpaka leo wajukuu zake wanaitwa kwa mnazi ule. Sikutaka mama yangu aitwe kiziwi, wala mimi niitwe mtoto wa kiziwi, na nikisema kweli, hofu hii ya pili ilikuwa kubwa kuliko ya kwanza. Nikamwambia bibi yule kuwa mama hana raha siku hizi, anamkumbuka marehemu baba, nikamwomba anisamehe. Akanisamehe.

Kuanzia hapo nikatafuta hila ya kudumu, na nikaipata kwenye dini. Chuoni tulifundishwa kuwa salamu ikitolewa kwa watu waliokaa pamoja, akiitikia mmoja wao imewatosha wote. Basi nikawa nikitoka skuli nachukua madaftari yangu ya kusahihisha, nakaa na mama barazani. Salamu ikija, naitikia mimi, kwa sauti kubwa, kwa ajili yetu sote wawili. Hakuna aliyenyimwa haki yake wala aliyepata dhambi, na sheria ilikuwa upande wangu. Nilijipongeza sana kwa akili ile.

Mwanzo mama alikuwa akiona mdomo wangu unakwenda, anainua uso na kukuta mgongo wa mtu unaondoka. Huuliza, "Nani yule?" Namwambia. "Kasemaje?" Namwambia, "Si kitu, mama. Kasalimu tu." Hajaambiwa kuwa mguu wa mjomba wa yule umekatwa, wala kuwa ndama kapatikana kafa. Ukili ulizidi kurefuka mikononi mwake na habari zikazidi kufupika. Haukupita muda mrefu watu wakaacha kumsalimu yeye, wakawa wananisalimu mimi. Wakisimama, wananiuliza mimi: "Mama hajambo?" Naye amekaa hapo, goti lake limegusana na langu.

Kaka yangu yuko Unguja, ana kazi ya ofisini, na kama wana wengi wa kiume walio mbali, ana mapenzi makubwa ya kwenye simu. Alipokuja Idi aliona mama anamjibu visivyo, akarudi Unguja, na miezi michache baadaye akamleta mtu na mashine ya sikio. Kitu kidogo rangi ya ngozi, kina waya mwembamba na mpira wa kuingiza ndani. Tulimvisha barazani. Nakumbuka alivyoshtuka, akashika kifua, akasema, "Kuku wote hawa wetu?" Tukacheka mpaka machozi. Siku ile aliitikia salamu kumi na moja. Nilizihesabu kwa furaha, na sikujua kuwa ni miongoni mwa za mwisho kwa miaka.

Mama, kama wanawake wote wa umri wake, hajifungui kichwa. Ana mtandio wa ndani na juu yake kanga, na vyote viwili vinapita juu ya masikio. Nguo ikiigandamiza mashine ile, ilipiga mluzi. Nyumbani haikuwa neno. Aliisogeza kidogo ikanyamaza. Lakini siku chache baadaye tulikwenda kwenye arobaini ya jirani. Wanawake tumejaa chumbani, kila mmoja na juzuu yake, watu wanasoma kimyakimya. Mluzi ukaanza. Watu wakatazamana. Mmoja akaanza kuipekua pochi yake akidhani ni simu. Mwingine akamkata jicho binti yake. Mluzi ukazidi, na kidogo kidogo nyuso zote zikageukia kanga ya mama yangu. Msichana mmoja akacheka, akaziba mdomo.

Nilipeleka mkono chini ya kanga ya mama nikaivuta mashine. Niliivuta kama mtu anavyomnyang'anya mtoto kitu kwenye msiba, bila kumtazama. Mama akashika sikio lake tupu. Akasema, kwa sauti kubwa ya mtu asiyejisikia, "N'kiwasikia mie! N'kiwasikia wote!"

"Si kitu, mama," nikasema.

Nyumbani niliitia mashine kwenye kopo la biskuti tunamoweka vyeti vya kuzaliwa, nikalipandisha juu ya kabati. Mama aliiulizia siku mbili tatu. Nikamwonyesha kwa mkono kuwa imeharibika. Kaka alipopiga simu kuuliza maendeleo, nikamwambia, "Mama kaikataa. Anasema inamsumbua."

"Wazee ndivyo walivyo," akasema kaka, na nilisikia kwenye sauti yake jinsi alivyopata nafuu. Kashafanya lake, mama kakataa, kesi imefungwa. Nilimkasirikia kwa wepesi ule wa kuamini, kana kwamba yeye ndiye aliyesema uongo.

Mwaka uliofuata binti yangu alikuja kuposwa. Wazee wa upande wa pili walikuja kwa heshima, wakakaa, wakataka kusikia neno la bibi wa binti, kwa sababu kwetu neno hilo lina uzito wake na kwa sababu mama ndiye aliyejua koo. Mama aliwatazama midomo mmoja baada ya mwingine. Akatabasamu. Akatikisa kichwa. Mimi nikasema, "Mama karidhia." Wageni walipoondoka mama akanishika mkono akaniuliza wale walikuwa kina nani, na kilichowaleta ni nini. Nilipomweleza, kwa ishara nyingi na maneno machache, aliuachia mkono wangu. Kisha akasema, "Haya. Semeni nyiye." Hakukasirika. Ningependa sana kama angekasirika. Tangu siku ile hakuuliza tena nani kapita, wala kasema nini.

Kusahau kulikuja nyuma ya ukimya, na kulikuta nyumba iko wazi.

Alianza kwa kurudia kutia chumvi kwenye chungu kimoja. Ukili, ambao vidole vyake vilikuwa vikiusuka vyenyewe, ukaanza kupotoka. Aliufumua, akausuka, akaufumua. Siku moja jirani alimkuta ameketi kwenye kiwanja kitupu ilipokuwa nyumba ya wazazi wake, anangoja afunguliwe mlango. Akamwulizia baba, aliyekufa zamani, kama ameshakula. Niliporudi kutoka skuli alinitazama kwa adabu, adabu ile tunayowapa wageni, akanikaribisha kiti.

Watu wakasema uzee. Wengine wakasema kachezewa kwa uchawi. Kaka akapiga simu akasema atafutwe shehe amzingue, yaani amsomee Kurani, na mimi nikamtafuta, kwa sababu nilikuwa tayari kwa lolote isipokuwa kulipandia lile kabati. Shehe alikuwa mtu mwema, mwenye sauti ambayo ingemfanya hata mwizi akae chini. Alimsomea mama saa nzima. Sisi tuliokuwa ukumbini tulilia. Alipofika katikati, mama, ambaye macho yake hayakubanduka kwenye midomo ya shehe, aliniinamia akaniuliza kwa huruma, "Huyu mgeni atafuna nini muda wote? Mpeni maji."

Nilicheka. Namwomba Mungu msamaha, lakini nilicheka, na baada ya kucheka nilikwenda jikoni nikajipiga kofi. Mwanamke aliyekuwa amehifadhi nusu ya Kurani kwa kuisikia anasomewa dawa na hasikii hata herufi moja, na mtu pekee nyumbani anayejua kwa nini hasikii ni yule aliyelipandisha kopo juu ya kabati.

Baadaye tukasikia kuna madaktari wa masikio wamekuja mjini Chake kwa siku chache. Sikumpeleka mama kwa masikio. Nilimpeleka kwa kusahau, kwa kuwa niliambiwa kwenye msafara huo yupo na anayejua mambo ya wazee. Daktari alikuwa mwanamke kijana, umri wa binti yangu, amevaa koti jeupe juu ya baibui. Akavuta kiti chake mpaka mbele ya mama, karibu magoti yagusane, akauliza, "Bibi, hujambo? Umekuja na nani leo?"

"Hajambo," nikasema. "Mimi binti yake."

"Ahsante, dada. Namuuliza bibi."

"Hatakujibu, daktari, hasikii."

"Kwa hiyo tatizo ni kusikia?"

"Hapana. Tatizo ni kusahau. Kusikia ni kitu cha zamani."

Akaniangalia. Hakunikasirikia, ingawa angekasirika pia ingekuwa bora. Alitoa kitu kama redio ndogo chenye visikizio, akamvisha mama taratibu juu ya mtandio, akasema mdomoni mwa kile kitu, "Asalaamu alaykum, bibi." Na mama yangu, ambaye sikuwa nimemsikia akisema neno lililofuata neno jingine kwa wiki nzima, aliitikia mpaka mwisho. Kisha akatazama huku na huku kutafuta sauti ile imetokea wapi.

Daktari alimpima, muda mrefu, masikio kwanza halafu kumbukumbu. Kisha alinieleza, kwa Kiswahili chepesi, kwa subira ile ninayowapa wazee wa wanafunzi wangu. Akasema mtu asiyesikia vizuri ana hatari kubwa zaidi ya kupatwa na maradhi ya kusahau, ingawa si kila asiyesikia husahau, na si kila anayesahau hasikii. Akasema akili inayohangaika mchana kutwa kukamata maneno inabakiwa na nguvu kidogo ya kuyaweka. Akasema mtu akikosa mazungumzo, akili inakosa kazi, na akitengwa, hata kwa wema, hunywea. Hata kwa wema: alisema hivyo, na hakujua anazungumza na nani.

Nikamuuliza swali ambalo nadhani kila mtu huuliza pale. Kama angepata kifaa mapema, je?

"Pengine ingesaidia," akasema. "Kwa baadhi ya watu husaidia. Kwa mama yako hakuna awezaye kukuambia. Aliwahi kuwa nacho?"

Mama alikuwa bado amevaa visikizio lakini daktari alikuwa amekizima kile chombo. Nilimtazama mama, nikamtazama daktari.

"Alikuwa nacho," nikasema. "Alikikataa."

Daktari akaandika. Mpaka leo kwenye kadi ya mama yangu, kwa wino wa buluu, imeandikwa kuwa yeye mwenyewe alikataa.

Nimekaa sana na lile neno pengine. Lingekuwa ndiyo, ningejua nimefanya nini na ningetubu kwa jina lake. Lingekuwa siyo, ningelala. Pengine halihukumu wala haliachii. Usiku na mchana liko hapo, na mimi ninayesahihisha makosa ya watoto kwa kalamu nyekundu sijui nitie alama gani.

Walimpa mama kifaa kingine, kinachokaa vizuri sikioni na kisichopiga mluzi chini ya kanga. Ilichukua dakika chache kukipima na kukibana, na yule aliyekibana akaniambia kuwa hata kile cha kwanza kingeweza kurekebishwa; kilitaka mpira wa saizi yake tu. Nikasema ahsante.

Kaka alifurahi mno. Akapiga simu siku hiyo hiyo, akataka aongee na mama mwenyewe. Nikaiweka simu karibu, kwa sauti ya wazi. "Mama!" akapiga kelele. "Wanisikia?"

"Nakusikia, baba," akasema mama, ingawa sidhani kama alijua ni nani.

"Sasa mbona ile ya mwanzo uliikataa? Ona umejichelewesha mwenyewe!"

Alimtania tu. Ndivyo alivyo kaka, hutania anapotaka kulia. Lakini mama aliacha ukili. Nilimwona anatafuta, anatafuta kwa bidii kama mtu anayepekua sanduku lililokwisha kutolewa kila kitu, na hakukuta kitu cha kujitetea. Akasema kwa unyonge, "Pengine n'likataa, baba. N'sameheni."

Nilishika simu nikatoka nayo nyuma ya nyumba, nikamweleza kaka kila kitu, kuanzia mluzi mpaka kopo. Nilidhani atafoka. Akasema tu, "Miaka yote nimekuwa nikiwaambia watu mama yangu ni mbishi." Akakata. Tangu hapo anapiga simu kwa jirani na kuomba simu apelekewe mama. Mimi ananitumia salamu, na hizo nazo ninaziitikia.

Sasa mama anasikia. Anasikia kuku, anasikia mvua juu ya bati, anasikia matangazo ya vifo na hamjui hata mmoja. Nimewaambia watu wote wa njia ile, mmoja mmoja, sentensi ile moja niliyoinyima miaka yote, na hakuna hata mmoja aliyempa mama jina. Shoga yake alilia, akaniambia, "Ungen'ambia tu, ningemgusa bega." Anakuja karibu kila siku, anakaa naye, na mama anamwita kwa jina la dada yake aliyekufa utotoni. Nimeacha kukaa barazani na madaftari. Salamu zinakuja, nipo ndani, nauma kidole, namwachia. Anaitikia zote. Hiyo haikuondoka. Jina langu limeondoka, baba ameondoka, njia ya kwenda mfereji imeondoka, na salamu imebaki nzima na rehema zake na baraka zake, na ndiyo hiyo niliyokuwa namfanyia mimi kwa kuogopa kuwa ameishindwa.

Wiki iliyopita nilirudi kutoka skuli jua likiwa bado kali. Mama alikuwa barazani peke yake na ukili wake unaosukwa na kufumuliwa. Nikasimama njiani, mbali kidogo, kama mtu yeyote, nikatoa salamu.

Aliitikia yote, bila kuinua uso. Kisha akauinua.

"Karibu, mwanangu. Mwana wa nani weye?"

Swali lile sikuwa nimelisikia kwake kwa miaka. Nikamtajia jina lake mwenyewe, na jina la baba yake, na mji wao. Nilitaka, Mungu anajua, anikute kwenye ukoo fulani.

Akafikiri. Vidole vikasimama.

"N'namjua huyo," akasema. "Zamani n'kipita kwake sana. Siku hizi sipiti."

"Kwa nini hupiti, mama?"

"Ana binti yake pale, mwalimu. Weye humsalimu mamake, yeye ndo akwitikiaye."

"Na mama mwenyewe je? Hayupo?"

"Yupo," akasema mama, akaurudia ukili wake. "Kakaa pale pale. Yuangoja aulizwe yeye."